Marehemu Edward Sokoine na Mashati Yetu ya Baada ya Vita

Kijana wangu aliye kidato cha pili katika shule hii alirudi likizo na kazi ya historia: aandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki. Hata kabla hajaanza, aliitazama picha yetu ya mwaka 1982 iliyotundikwa sebuleni, akaniuliza kwa nini baba yangu, kaka zangu wawili na mimi tumevaa mashati ya kitambaa kimoja chenye maua makubwa, kama wanakwaya. Nilipoanza kumjibu niliona siwezi kueleza habari za mashati yale pasipo kumtaja Marehemu Edward Moringe Sokoine. Mhariri amekubali kunipa nafasi, basi nawasimulia na ninyi wasomaji.

Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamaa ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma huko huko Monduli, kisha Umbwe, Kilimanjaro, hata mwaka 1958. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, akaenda Mzumbe kujifunza kazi ya utawala. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Masai. Mavazi yalikuwa jambo la siasa miaka ile, maana mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa Arusha walifanya kampeni ya kuwataka Wamasai waache kujifunga shuka na ngozi, wavae suruali. Yeye mwenyewe, katika picha nyingi, amevaa suti ya mikono mifupi isiyotaka tai, ile iitwayo ya Kaunda, ambayo siku hizo ilikuwa kama sare ya viongozi.

Alikuwa Waziri wa Ulinzi tangu mwaka 1972, na tarehe 13 Februari 1977 akawa Waziri Mkuu. Mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa yote wakusanye watu na vyombo kwa ajili ya vita. Mgambo wakaitwa, malori yakatwaliwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi wa Juni vita vikaisha.

Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Ile miezi 18, wasomaji wapenzi, ilizaa miaka. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha vitani, mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda bei duniani kote, na viwanda vya nguo kama Urafiki vilikosa vipuri na rangi. Nalikuwa darasa la nne hapa Singida. Sabuni ilipokosekana mama alifulia majani ya mpapai. Viatu vyetu vilikuwa katambuga, vilivyokatwa katika mipira ya magari. Jirani yetu mmoja alirudi Uganda na koti zito la jeshi, na ulipovuma upepo wa Juni hapana mtu kijijini aliyeonewa wivu kama yeye. Nguo zilizovaliwa huko nje tuliziita kafa Ulaya, na aliyezipata alizivaa kwa kuficha ficha.

Duka la kijiji liliweza kukaa miezi bila kuona kitambaa. Siku moja mwaka 1982 lilipata majora machache, yote ya maua ya zambarau. Watu walipanga foleni tangu usiku. Jumapili iliyofuata wanaume, wanawake na watoto, hata katekista, walikuwa katika maua yale yale. Ndiyo siku tuliyopigwa picha. Majora mengine, ilisemekana, yalitokea mlango wa nyuma kabla sisi hatujafika, na bei yake haikuwa ile ya serikali.

Sokoine alikuwa ameacha uwaziri mkuu Novemba 1980, akaenda masomoni Yugoslavia. Alirudishwa tarehe 24 Februari 1983, na mwezi mmoja baadaye akaanza vita vya pili, yaani vya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, na zaidi ya watu 1,000 wakakamatwa. Wenye mali walizitupa njiani usiku. Wengi walishangilia, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Lakini mjomba wangu, aliyekuwa akichuuza vitambaa mnadani, alishikwa na hofu akazika majora mawili ya kitenge zizini mwa ng'ombe. Alipoyafukua mchwa walikuwa wamekwisha kuyala. Hakuwa mhujumu, alikuwa na watoto saba. Nadhani sheria ile haikujua vema kumtenga mwizi na mchuuzi, na mwaka uliofuata Bunge lilitunga nyingine mahali pake. Hata hivyo ni mwaka ule ule wa 1983 ambapo mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa Dar es Salaam, nayo yakaitwa daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi tano, yaani dala.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Karibu na Dakawa, Morogoro, gari lake liligongana na gari jingine, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 45. Mwalimu ndiye aliyelitangazia taifa redioni. Betri zilikuwa adimu, tulizoea kuzianika juani ili zipate nguvu kidogo. Mjomba, ambaye kwa mwaka mzima hakutaka kulisikia jina lile, alileta redio yake uani akaiacha ikilia mpaka mazishi ya Monduli yalipokwisha na betri zikafa kabisa. Baba alikaa kando yake. Hawakusemezana.

Mwezi wa Juni Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, alisoma bajeti iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Basi mitumba ikaja kwa marobota. Mjomba akarudi mnadani, mara hii na masweta na suruali za Ulaya, na hakuna aliyeona haya tena kuzivaa. Mashati yetu ya zambarau mama aliyafumua akashona foronya. Moja ninayo mpaka leo, na juma lililopita kijana wangu aliomba aje nayo shuleni.