George Stephenson, Fundi wa Gari la Moshi

Tarehe 9 Juni, mwaka 1781, katika kijiji cha Wylam, kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Newcastle, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa George. Baba yake, Robert Stephenson, alikuwa mchochea moto katika machimbo ya makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa kutia makaa katika tanuru ya mtambo uliovuta maji kutoka shimoni. Mshahara wake ulikuwa mdogo, watoto walikuwa sita, na nyumba yao ilikuwa chumba kimoja tu chenye sakafu ya udongo. Mbele ya mlango ilipita njia ya reli za mbao, na farasi walivuta magari ya makaa juu yake mchana kutwa. Watoto wakubwa walipewa kazi ya kuwaangalia wadogo wao wasije wakakanyagwa.

Hapakuwa na fedha ya kuwapeleka watoto shuleni. George alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe wa mjane mmoja kwa ujira wa peni mbili kwa siku. Ng'ombe walipokuwa wakila, yeye alikaa kando ya kijito akifinyanga mitambo ya udongo, akitia vijiti mahali pa mabomba. Alipozidi kukua aliokota mawe katika makaa, akaongoza farasi, kisha akawa msaidizi wa baba yake penye tanuru. Alipopata miaka 17 alipewa kuangalia mtambo wenyewe, nayo ni daraja ambayo baba yake hakuifikia kamwe.

Kijana huyu aliupenda mtambo wake kama mchungaji anavyompenda ng'ombe wake bora. Siku ya Jumamosi, kazi ilipokwisha na wenzake walipokwenda kucheza, yeye alibaki. Aliufungua kipande kwa kipande, akausafisha, akatazama kila kitu kinavyofanya kazi, kisha akaurudishia kama ulivyokuwa. Hata ulipoharibika hakuwa na haja ya kumwita fundi.

Lakini kusoma hakujua. Alisikia ya kwamba habari za mitambo mipya ya James Watt zimo vitabuni, naye hakuweza kuzifikia. Basi, alipokuwa na miaka 18 akaenda kusoma usiku pamoja na watoto, siku tatu kwa juma, akalipa peni tatu kwa juma. Hakuona haya. Hesabu alizifanya kando ya tanuru, akizitunga juu ya kibao wakati mtambo ulipokwenda vizuri.

Mwaka 1802 akamwoa Frances Henderson, na mwaka uliofuata wakapata mwana, Robert. Siku moja moto ulishika katika bomba la moshi la nyumba yao, na majirani wakamwaga maji mengi kuuzima. Maji na masizi yakaingia ndani ya saa ya ukutani, ikasimama. Fundi wa saa angetaka fedha, na fedha haikuwapo. George akaifungua mwenyewe, akaisafisha, ikaenda tena. Tangu siku hiyo watu walimletea saa zao, naye alizitengeneza usiku kwa malipo, pamoja na kushona viatu.

Kisha taabu zikamjia mfululizo. Mtoto wao wa pili, msichana, alikufa akiwa na majuma machache, na mwaka 1806 mkewe naye akafa kwa kifua kikuu. George akamwacha mwanawe kwa watu, akaenda Scotland kwa miguu kutafuta kazi. Aliporudi na akiba ya pauni 28 alikuta msiba mwingine. Baba yake alikuwa ameingia ndani ya mtambo kuutengeneza, na mwenzake, asijue ya kuwa mtu yumo, akafungulia mvuke. Mvuke ukamwunguza uso, na macho yake yakapofuka kabisa. George akalipa madeni ya baba yake, akawatunza wazazi wake wote wawili hata mwisho wa maisha yao.

Wakati huo alifanya kazi Killingworth. Huko palikuwa na shimo jipya lililojaa maji, na mtambo mkubwa uliwekwa kuyavuta. Ulifanya kazi karibu mwaka mzima, na maji hayakupungua. Mafundi wengi walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Mwaka 1811 George alikwenda kuuangalia, akasema ya kuwa yeye anaweza kuutengeneza, na kwa juma moja watu watashuka mpaka chini. Msimamizi wa machimbo, Ralph Dodds, hakuwa na tumaini jingine, akamruhusu.

Ili kufahamu alilolifanya, yapasa kujua namna mtambo ule ulivyokwenda. Mvuke uliingia katika silinda, yaani mcheduara mkubwa wa chuma. Kisha maji baridi yalirushwa ndani, mvuke ukapoa ukageuka kuwa maji, na silinda ikabaki tupu. Hapo uzito wa hewa ya nje ulisukuma pistoni chini kwa nguvu, na pistoni ikavuta fimbo ya bomba la maji. Sasa, katika mtambo ule hapakuwa na kitu kilichovunjika. Ndiyo sababu mafundi hawakuona kosa. George aliona ya kuwa tundu la maji baridi ni dogo mno, kwa hiyo mvuke haukupoa upesi, na pistoni haikupata nguvu. Alilipanua tundu, akaliinua tangi la maji futi kumi ili maji yashuke kwa kasi, akaongeza na nguvu ya mvuke.

Kazi hiyo ilimchukua siku tatu au nne. Mtambo ulipowashwa ulitikisika vibaya hata jengo likatetemeka, na Dodds akaogopa ya kuwa utalibomoa. George hakuogopa. Maji yalipopungua mtambo ukatulia, na kabla ya juma kwisha wachimbaji walishuka shimoni. Akapewa zawadi ya pauni kumi, nayo ilikuwa fedha nyingi kuliko alizopata kupewa mara moja. Mwaka 1812 akafanywa fundi mkuu wa mitambo ya machimbo yale, kwa mshahara wa pauni mia kwa mwaka. Ndipo alipopata uwezo wa kumsomesha Robert, na jioni mwana alimsomea baba yake aliyojifunza shuleni, wakajifunza wote wawili.

Hakuwa mtu wa kwanza kufanya gari la moshi. Richard Trevithick alikuwa ameliendesha moja mwaka 1804 huko Wales, nalo lilivuta mzigo vizuri, lakini kwa uzito wake lilizivunja reli. Gari la kwanza la Stephenson, lililoitwa Blücher, lilijaribiwa tarehe 25 Julai 1814. Lilivuta tani 30 likipanda mteremko mdogo, kwa mwendo wa maili nne kwa saa, yaani kama mtu anayetembea kwa haraka. Lakini reli zilikuwa za chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu ni kigumu lakini hukatika ghafula. Stephenson alifahamu ya kuwa gari na njia ni kama mume na mke, na ugonjwa wa mmoja ni ugonjwa wa wote wawili. Akatengeneza reli zenye maungio bora pamoja na tajiri mmoja wa chuma, William Losh, na mwaka 1816 serikali ikawapa hati ya haki ya kuziuza. Baadaye fundi mwingine, John Birkinshaw, alifanya reli za chuma cha kufua, zisizokatika upesi. Stephenson aliposhauriwa kuhusu njia mpya, alisema reli za Birkinshaw ni bora kuliko zake mwenyewe. Kwa neno hilo alikosa faida, na Losh akavunja urafiki naye.

Njia hiyo mpya ilikuwa ya kutoka machimboni kupita Darlington mpaka Stockton, nayo ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825. Mamia ya watu walipanda juu ya magari ya makaa, na Stephenson mwenyewe aliendesha injini iliyoitwa Locomotion. Safari haikuwa nyepesi. Mara gari moja lilipotewa na gurudumu, likaachwa njiani. Kisha injini yenyewe ikaharibika, na umati ukangoja zaidi ya nusu saa mpaka ikatengenezwa. Ndipo ikaenda tena, na mahali pengine ikafika maili 15 kwa saa. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi kati ya reli mbili, ulikuwa futi 4 na inchi 8, na baadaye ukaongezwa nusu inchi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifanywa nyembamba zaidi, mita moja tu. Lakini ile iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina upana uleule wa Stephenson.

Mwaka 1828 Locomotion ilipasuka tangi lake la mvuke, na dereva wake akafa. Kila injini ilikuwa na kilango cha usalama cha kutoa mvuke uliozidi, lakini siku zile madereva wengine walizoea kukifunga kwa kusudi, ili wapate nguvu zaidi. Chombo kilichowekwa kuwalinda kikafungwa na mikono yao wenyewe.

Katikati ya mambo hayo Stephenson alipatwa na aibu kubwa. Matajiri walitaka njia ya reli kutoka Liverpool mpaka Manchester, na mwaka 1825 yeye aliitwa London kuieleza mbele ya wazee wa Bunge. Vipimo vya nchi vilikuwa vimechukuliwa na wasaidizi wake, naye hakuvihakikisha. Wanasheria walivichambua, vikaonekana vina makosa. Walimcheka, hata na matamshi yake ya kaskazini, na shauri likakataliwa. Mwaka 1826 Bunge likakubali, naye akarudishiwa kazi. Njia ile ilipaswa kuvuka kinamasi cha Chat Moss, kilichomeza udongo wote uliomwagwa ndani yake. Stephenson akatandika mikeka ya matawi, akaweka njia juu yake, ikaelea kama chelezo. Inapitiwa na magari ya moshi hata leo.

Lakini wenye njia hawakukubaliana kama magari yavutwe na injini, au yavutwe kwa kamba na mitambo iliyosimama. Basi wakatangaza mashindano huko Rainhill, mwezi wa Oktoba 1829, kwa zawadi ya pauni 500. Kila injini ilipaswa kwenda na kurudi, mara kwa mara, mpaka itimize mwendo wa kwenda Manchester na kurudi Liverpool. George na mwanawe Robert walileta Rocket. Ndani ya tangi lake la maji mlikuwa na mirija 25 ya shaba nyekundu, na hewa ya moto ilipita ndani ya mirija hiyo, hata maji yakachemka upesi sana. Shauri hilo lilitoka kwa Henry Booth, karani wa kampuni ya reli.

Wengi waliokuja kutazama waliipenda Novelty, injini ndogo nzuri, iliyopita kwa maili 28 kwa saa. Lakini bomba lake likapasuka, likatengenezwa, kisha maungio ya tangi yakaachia, ikatolewa. Sans Pareil ilikuwa na nguvu, lakini silinda yake ilipata ufa. Perseverance ilikuwa imeumia njiani ilipokuwa ikiletwa, na ilipopona haikuweza kupita maili sita kwa saa. Palikuwa hata na mtambo mmoja uliosukumwa na farasi aliyekanyaga sakafu ya kuzunguka, na farasi akaivunja sakafu. Rocket peke yake ilimaliza safari zote bila kuharibika. Mwendo wake ulikuwa kama maili 12 kwa saa na mzigo, na mwishoni ikafika karibu maili 30. Mabishano ya kamba yakaisha.

Njia ikafunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, mbele ya waziri mkuu, Duke wa Wellington. Magari yaliposimama Parkside kutia maji, wakubwa walikuwa wameonywa wasishuke, wengi wakashuka. William Huskisson, mjumbe wa Bunge wa Liverpool, alikwenda kumsalimu Duke, na mara Rocket ikaja juu ya reli za pili. Rocket haikuwa na breki, na dereva hakuweza kuisimamisha upesi. Huskisson akashika mlango wa gari la Duke, mlango ukafunguka naye juu ya njia, Rocket ikaupiga, akaanguka, na mguu wake ukasagwa. Stephenson akamchukua katika injini yake, Northumbrian, akaenda maili 15 kwa dakika 25, mwendo ambao watu wengi hawakuuamini. Lakini majeruhi akafa usiku ule. Ajali ile ilitangazwa kila mahali, na pamoja nayo habari ya mwendo ule. Na katika miaka iliyofuata njia za reli zikajengwa pande zote za Uingereza.

Stephenson akawa tajiri, akakaa katika nyumba kubwa ya Tapton, karibu na Chesterfield. Alikataa cheo cha heshima alichotaka kupewa. Mwaka 1847 mafundi wa mitambo walipounda chama chao walimfanya rais wao wa kwanza. Siku nyingine zote alikuwa bustanini. Alipanda mananasi katika nyumba za kioo, maana baridi ya huko hayaistahimili, akashindana na majirani zake. Matango yake yalimwudhi kwa kupinda. Akaagiza mirija ya kioo, akayatia ndani yangali madogo, yakakua yamenyoka kama reli.

Alifariki Tapton tarehe 12 Agosti 1848, akiwa na miaka 67, akazikwa Chesterfield. Rocket imehifadhiwa Uingereza mpaka leo.