Mamie Clark: Mwanamke aliyesoma nafsi za watoto kupitia wanasesere

KWA wengi, mwanasesere ni kitu cha kumtuliza mtoto wakati mama ana shughuli. Mamie Phipps Clark alimwona kuwa kioo ambamo mtoto hujitazama, na uchunguzi wake ulichangia kubadilisha sheria za Marekani.

Alizaliwa mwaka wa 1917 mjini Hot Springs, jimbo la Arkansas, akiwa binti wa daktari. Hata hivyo, wadhifa wa babake haukumwepusha na shule zilizotengwa kwa ajili ya weusi pekee.

Mnamo 1934 alijiunga na Chuo Kikuu cha Howard kusomea hisabati. Huko alikutana na Kenneth Clark, aliyemshawishi kuhamia saikolojia. Walifunga ndoa kwa siri mwaka wa 1937.

Tasnifu yake ya uzamili ya 1939 ilichunguza jinsi watoto weusi wa chekechea wanavyoanza kujitambua. Hapo ndipo ulipochipuka uchunguzi wa wanasesere alioufanya pamoja na mumewe.

Watoto weusi 253 wenye umri wa miaka 3 hadi 7 walionyeshwa wanasesere wanne, wawili weupe na wawili wa rangi ya kahawia. Waliulizwa ni yupi mzuri, ni yupi anaonekana mbaya, na ni yupi wangependa kucheza naye. Swali la mwisho lilikuwa ni yupi anayefanana nao.

Asilimia 67 walichagua kucheza na mweupe, na asilimia 59 wakamwona yule wa kahawia kuwa ndiye mbaya. Lilipofika swali la mwisho, baadhi yao waliangua kilio na kutoka mbio. Walikuwa wamekwisha kumkataa mwanasesere, kisha wakatakiwa kukiri kuwa sura hiyo ni yao.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1947. Mnamo 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha utengano wa rangi shuleni, na katika uamuzi wake ikarejelea maandishi ya Kenneth. Jina la Mamie halikutajwa.

Hakuwa mgeni wa kupuuzwa. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 1943, lakini kazi inayolingana na elimu yake ilikuwa adimu kwa mwanamke mweusi. Mnamo 1946, yeye na mumewe walifungua kituo cha kuhudumia watoto mtaani Harlem, New York. Alikiongoza hadi 1979, na akafariki mwaka wa 1983.

Takwimu zake zilificha onyo jingine. Watoto wa kaskazini, waliosoma pamoja na Wazungu, walimpenda mwanasesere mweupe kuliko wenzao wa kusini. Kumbe dharau haikufunzwa darasani tu.

Barbie, mwanasesere wa mitindo, aliingia sokoni mwaka wa 1959 akiwa mweupe. Mweusi wa kwanza kuitwa Barbie alitokea mwaka wa 1980.

Swali la Mamie linafaa kuulizwa hata Rukanga, chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta, ambako akina mama husuka vikapu vya katani. Binti wa huko anaweza kununuliwa mwanasesere wa dukani mwenye nywele za manjano, au kufungiwa nyuzi za katani akapata wa kumbeba mgongoni. Mzazi anapochagua, asidhani anachagua kitu cha kuchezea tu.