Ernest Everett Just na Mayai ya Bahari

Ukitaja biolojia ya bahari wengi wetu tunafikiria papa, nyangumi, au kambakoche kwenye sahani ya hoteli. Safari hii nawaletea Mmarekani Mweusi aliyejenga jina lake kwa kutazama kitu ambacho kwa jicho tupu ni kama chembe ya vumbi: yai la mnyoo wa baharini.

Ernest Everett Just alizaliwa Charleston, South Carolina, tarehe 14 Agosti 1883. Baba yake, fundi wa kujenga magati, alifariki mtoto akiwa na miaka minne tu. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu, na bado akafanya kazi kwenye machimbo ya fosfeti ili watoto wapate kula. Alikuwa mama wa nguvu kweli, kwani kijiji cha Weusi alichosaidia kukianzisha kiliitwa Maryville kwa heshima yake. Homa ya matumbo ilimpiga Ernest utotoni hadi akasahau kusoma, ikabidi aanze upya herufi moja moja. Baadaye akapelekwa shule ya kaskazini, New Hampshire, na mama akafariki wakati kijana yuko huko masomoni. Mwaka 1907 alimaliza Dartmouth kwa heshima ya juu.

Akapata kazi Howard, chuo cha Weusi mjini Washington. Alianza kwa kufundisha Kiingereza, ndiyo, Kiingereza! Baadaye ndipo akahamia zoolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara. Lakini Washington hakuna bahari. Kuanzia mwaka 1909, kila majira ya joto akawa anapanda treni kwenda Woods Hole, Massachusetts, kwenye maabara ya baharini iliyoongozwa na Profesa Frank Lillie.

Huko ndiko alikojifunza kazi. Usiku walikwenda na taa kuwavizia minyoo waitwao Nereis, ambao hupanda juu ya maji kuzaliana. Mwaka 1913 yeye na Lillie waliandika kwamba minyoo hao hufuata mwezi: wanaanza kutokea karibu na mwezi mpevu na kumaliza karibu na mwezi mwandamo. Mvuvi wa kwetu, anayehesabu bamvua kwa mwezi, asingeshangaa hata kidogo. Ila Just hakuishia hapo. Alishika msimamo kwamba huwezi kulielewa yai ukimsahau mnyama aliyelitaga na maji anamoishi. Vyombo viwe safi, joto liwe kama la bahari, na yai lililoumia usilifanyie jaribio halafu ukajidai umegundua kitu. Watu wakawa wanamfuata kumwomba msaada mayai yao yakigoma.

Mwaka 1919 akaandika jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Mbegu ya kiume ikishashika yai, kuna badiliko linaloanzia pale pale na kuzunguka uso wa yai kama wimbi, kabla hata utando haujainuka. Wimbi likishapita, mbegu nyingine hazina mlango. Na ni lazima iwe hivyo, maana ikiingia mbegu ya pili kiinitete kinaharibika.

Sasa jiulize, mtu kama huyu, mwenye Ph.D. ya Chicago ya mwaka 1916, alipewa kiti katika chuo gani kikubwa cha utafiti cha Wazungu? Hakuna. Weusi wenzake walimtambua mapema: mwaka 1915 yeye ndiye wa kwanza kabisa kupewa nishani ya Spingarn. Fedha za utafiti zilitoka kwa wafadhili kama tajiri Julius Rosenwald, lakini muhula ukianza anarudi Howard kufundisha mchana kutwa.

Basi akaanza kuvuka bahari. Mwaka 1929 alikwenda Naples, Italia. Mwaka 1930 akakaribishwa Berlin, kwenye taasisi ya Kaiser Wilhelm, mpaka Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933. Akahamishia kazi yake Ufaransa, kwenye kituo cha Roscoff. Ulaya ilimpa nafasi na heshima ambayo kwao hakuipata. Nyumbani aliacha mke na watoto watatu, akaja kuoa Mjerumani, Hedwig Schnetzler, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, tusilifiche.

Mwaka 1939 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu uso wa seli. Wenzake walikuwa wakiyapa majeni sifa zote, yeye akasema uso wa seli nao unafanya kazi, si ganda tu. Kwa maoni yangu alivuta kamba kupita kiasi upande wa majeni, lakini kuhusu uso wa seli alikuwa mbele ya wakati wake.

Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa walimweka kambini kwa muda mfupi. Alipoachiwa akarudi Marekani na Hedwig akiwa mjamzito, naye mwenyewe tayari mgonjwa. Saratani ya kongosho ikamchukua Washington, tarehe 27 Oktoba 1941, akiwa na miaka 58.

Mwaka 1976 mtafiti Laurinda Jaffe aliingiza vipimo vya umeme kwenye mayai ya wale viumbe wa miiba wanaotuchoma miguu mwambani, akaonyesha kwamba chaji ya uso wa yai hubadilika ghafla na kuzuia mbegu ya pili. Just alishaona kwa hadubini tu, miaka 57 kabla, kwamba mlango unafungwa mapema hivyo.