Daktari Dutton na Papasi

Kutoka Uvira, mtu akivuka milima ya Itombwe na kuendelea magharibi, hufika Kasongo, katika nchi ya Maniema. Huko alifia daktari kijana, jina lake Joseph Everett Dutton.

Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Mwaka 1901, alipokuwa Gambia, alipima damu ya mgonjwa kwa hadubini, akavitambua vijidudu vyembamba vilivyomo. Baadaye ikajulikana kwamba vijidudu vya namna hiyo ndivyo viletavyo malale, ugonjwa ulioua watu wengi miaka ile, hata huku kaskazini mwa Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1903 alikuja Kongo pamoja na mwenzake, Daktari Todd. Walipanda mto mpaka mji unaoitwa leo Kisangani. Huko waliona homa ya ajabu. Ilimshika mtu siku chache, ikamwacha, naye akadhani amepona. Kisha ikamrudia tena.

Tangu zamani watu walisema kwamba papasi, ambao katika Kongo huitwa pia kimputu, huleta ugonjwa. Madaktari hao wawili hawakuyadharau maneno hayo, bali waliyapima. Walikusanya papasi, wakawaacha wawaume kima. Kima wakaugua, na katika damu yao vikaonekana vijidudu vya homa ile. Hata papasi wachanga, waliotoka katika mayai ya papasi wenye vijidudu, waliweza kuambukiza. Basi neno la wazee likawa limethibitika.

Lakini homa hiyo iliwashika wao pia. Todd alipona. Dutton alifika Kasongo, akafa tarehe 27 Februari 1905. Umri wake ulikuwa miaka 30 tu. Wataalamu wakakipa kijidudu cha homa hiyo jina lake.

Nasi tujifunze. Mchana papasi hujificha katika nyufa za kuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humwuma aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Kwa hiyo tuzibe nyufa, tusiriba kuta na sakafu vizuri, tulale kitandani, si chini. Na mtu akishikwa na homa inayoondoka na kurudi, aende mapema kupimwa damu. Dutton hakuwa na dawa ya kumponya. Siku hizi dawa ipo.