Kivoi wa Mwendwa: Mganga Hajigangi

Vitabu vya historia ya Kenya humtaja Kivoi wa Mwendwa kwa sababu moja kubwa: ndiye mwenyeji aliyempokea mmishenari Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, katika safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya. Katika masimulizi hayo Kivoi huonekana kama mlango tu ambao mgeni alipitia. Machoni pa Wakamba wa zama zake, hata hivyo, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na ukubwa wake ulikuwa na misingi yake.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliotawala biashara ya pembe za ndovu baina ya bara na pwani ya Mombasa. Misafara yao ilikuwa na mamia ya watu. Ilishuka kutoka Kitui, ikapita nyanda kavu hadi Rabai na Mombasa, kisha ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivoi alikuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa misafara hiyo. Alikuwa na mali na watumwa, na safari zake zilimfikisha mbali hata akaijua nchi ya Wachaga na mlima wake mweupe. Inasemekana kwamba hata mji wa Voi umepata jina lake kutoka kwake, kwa kuwa alikuwa akipiga kambi karibu na mto uliopo hapo.

Mali peke yake, hata hivyo, haikumfanya Mkamba awe mkubwa. Krapf alibaini kwamba mtu alipata mamlaka kwa utajiri, ufasaha wa ulimi, umbo la kuvutia na, zaidi ya yote, sifa ya kuwa mganga na mleta mvua. Kivoi alikuwa na sifa hiyo, na watu walimwogopa kwayo.

Uganga huo haupaswi kuchanganywa na mazingaombwe. Mfanya mazingaombwe humtoa njiwa au sungura mbele ya hadhira inayojua kuwa inachezewa. Mwaka 1918 Harry Houdini alimfanya ndovu atoweke jukwaani mjini New York, na watazamaji wakashangilia kisha wakarudi nyumbani. Katika uganga wa Wakamba, mnyama hakuwa kifaa cha mchezo. Mbuzi alichinjwa mahali pa ibada, yaani ithembo, ili mvua inyeshe, na mvua isiponyesha watu walikufa njaa. Ndege wa porini alisikilizwa kabla ya safari, na msafara uliokosea ungeweza usirudi.

Imani hiyo ya ndege ina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi aliyechapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1920, alieleza jinsi walivyosoma ishara katika mienendo na milio ya wanyama. Aliyeheshimiwa sana miongoni mwa ndege wa ishara alikuwa ngomakomi, aina ya kigogota. Kiswahili nacho kimehifadhi fikra kama hiyo ndani ya neno moja: ndege ni kiumbe mwenye mbawa, na ndege pia ni ishara ya heri au shari. Msafiri wa pwani aliyepata ndege mbaya na msafiri wa Kitui aliyemsikia ngomakomi walikuwa na hofu moja.

Krapf, aliyekuwa ameishi Mombasa na Rabai tangu mwaka 1844, aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849. Alipita Kikumbulyu, eneo la Kibwezi ambalo leo limo katika Kaunti ya Makueni, akavuka Yatta na kufika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi huo. Kivoi alimwambia kuwa uko mlima mwingine mweupe, mbali na ule wa Wachaga. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka na Krapf akauona. Wakamba waliuita Kiinyaa, na wengi hulieleza jina hilo kwa neno nyaa, yaani mbuni, kwa kuwa mwamba mweusi na theluji nyeupe vilifanana na manyoya ya mbuni dume. Huko London, William Desborough Cooley alikanusha kuwa theluji ingeweza kuwepo karibu na ikweta. Wakamba hawakuhitaji uthibitisho wake.

Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851. Kivoi alikuwa ameahidi kumfikisha Mto Tana, na mwezi wa Agosti wakafunga safari. Walipokaribia mto, wanyang'anyi waliwavamia kwa mishale. Wengi katika msafara walitawanyika. Kivoi, aliyeogopwa kwa uganga wake, aliuawa pamoja na watu wake wa karibu.

Krapf alinusurika kwa kukimbilia porini. Akiwa peke yake, alifika Tana akanywa maji, na kwa kukosa chombo akayabeba mengine katika mitutu ya bunduki yake. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika tena Kitui, jamaa za Kivoi walimtupia lawama za kifo hicho. Lawama hizo zilikuwa na mantiki yake. Mgeni huyu alitazama mlima kwa vyombo na kuandika vitabuni kila alichoambiwa; kwao alikuwa mganga pia. Iweje waganga wawili watoke pamoja, mwenyeji afe, mgeni arudi mzima? Krapf alitoroka usiku na hatimaye akafika Rabai.

Baada ya hapo Krapf hakurudi tena Ukambani. Kazi yake iliyobaki ilikuwa ya lugha: sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kivoi hakuacha andiko lolote. Mengi yanayojulikana juu yake kwa maandishi yametoka kwa mgeni aliyelaumiwa kwa kifo chake, na mengine yamebaki midomoni mwa watu wa Kitui na Makueni.

Wahenga walisema kuwa mganga hajigangi. Kivoi aliaminiwa kuleta mvua kwa ajili ya wengine na aliwafikisha wengi pwani na kuwarudisha salama. Safari yake ya mwisho alikwenda kutimiza ahadi aliyompa mgeni, na hapo ndipo uganga wake ulipokoma.