Katharine Hepburn: mwigizaji wa Marekani aliyecheza filamu kwenye mto Ruiki

Katika eneo la Ubundu, jimbo la Tshopo, kuna mto unaoitwa Ruiki. Maji yake ni meusi, unapita katikati ya msitu na kuingia ndani ya Lualaba. Watu wengi wa huku Mashariki hawajawahi kuusikia. Lakini mwaka 1951 ule mto ulipokea mmoja kati ya waigizaji wanawake waliojulikana zaidi duniani. Jina lake ni Katharine Hepburn. Wakati huo Ubundu ilikuwa bado inaitwa Ponthierville, na Kisangani ilikuwa Stanleyville.

Leo tunawaletea maisha ya huyo mama, tangu kuzaliwa mpaka kufa, na tutaona namna gani njia yake ilikuja kukutana na inchi yetu.

Mtoto wa munganga

Katharine Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake, Thomas Hepburn, alikuwa munganga. Mama yake, aliyeitwa pia Katharine, alikuwa mmoja wa wanawake waliosimama kudai haki ya kupiga kura, haki ambayo wanawake wa Marekani waliipata katika inchi nzima mwaka 1920. Nyumbani kwao watoto walikuwa na ruhusa ya kusema mawazo yao mbele ya wakubwa. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida, hata kwa wazungu.

Mwaka 1921, msichana akiwa na miaka 13, familia ilipata pigo kubwa. Kaka yake Tom, aliyekuwa na miaka 15, alikutwa amekufa kwa kamba huko New York, walipokuwa wameenda kutembea. Katharine mwenyewe njo alimkuta. Wazazi walisema ilikuwa ajali, na jambo hilo halikuongelewa sana nyumbani. Tangu siku hiyo, yule mtoto alianza kuogopa watu. Akachukua tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake, 8 Novemba, akaifanya kuwa yake. Kwa miaka mingi magazeti yote yaliandika hiyo tarehe. Ukweli aliutoa mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1991, akiwa tayari bibi kizee.

Tiatre kwanza, sinema kisha

Alimaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928 na kuingia mara moja katika tiatre. Mwanzo haukuwa mwepesi. Alikuwa anasema haraka sana, sauti inapanda, na mara kadhaa walimfukuza kazini. Mwaka huo wa 1928 aliolewa na Ludlow Ogden Smith, lakini ndoa ilivunjika mwaka 1934, na hakuolewa tena. Hakuzaa mtoto.

Mwaka 1932 alicheza kwenye jukwaa la New York nafasi ya mwanamuke mpiganaji, na watu wa Hollywood wakamuona. Mwaka huohuo alitoa filamu yake ya kwanza. Mwaka 1933 akacheza katika Morning Glory, iliyomuletea tuzo ya Oscar, tuzo kubwa ya sinema kule Marekani. Alikuwa na miaka 26 tu.

Lakini hakukubali kuishi sawa vile wakubwa wa sinema walivyotaka. Alikuwa anavaa suruali, wakati mwanamuke wa heshima alipaswa kuvaa robe. Alikataa kuhojiwa ovyo na waandishi wa habari, na alikataa kuwapigia watu saini barabarani. Wale wazee wetu waliokuwa vijana wakati wa Mobutu watalifahamu jambo hilo la suruali, kwa sababu hapa kwetu katika miaka ya 70 mwanamuke aliyevaa suruali alikuwa anavunja sheria ya ukaaji wa kizairwa.

Walimuita sumu

Kisha filamu zake kadhaa zikaanguka. Mwaka 1938, wenye majumba ya sinema walitoa liste ya waigizaji waliosema kwamba ni sumu, maana yake watu hawaingizi tena pesa juu yao. Jina la Hepburn lilikuwa ndani. Kwa mtu wa kazi hiyo, ilikuwa sawa na kufungiwa mlango.

Hapa njo tunaona akili yake. Alilipa pesa ili atoke katika mkataba wake na kampuni ya RKO, akarudi kwenye tiatre. Mwandishi Philip Barry alimuandikia mchezo uitwao The Philadelphia Story, ulioanza New York mwaka 1939. Hakuomba mshahara, aliomba fungu katika faida. Na rafiki yake, tajiri Howard Hughes, alimusaidia kupata haki za kuutengenezea filamu. Mchezo ulipendwa sana. Hollywood ilipokuja kuutaka, ilikuta kwamba haki ziko mkononi mwa ile sumu yao. Ilibidi wamuchukue yeye, na wamusikilize juu ya nani atacheza pamoja naye na nani ataongoza. Filamu ilitoka mwaka 1940, na Hepburn akarudi juu.

Mwaka 1941, katika kutengeneza filamu Woman of the Year, alikutana na mwigizaji Spencer Tracy. Walicheza filamu 9 pamoja na kupendana kwa zaidi ya miaka 25. Tracy alikuwa Mkatoliki mwenye bibi na watoto, na hakuvunja ndoa yake. Hepburn aliishi na jambo hilo bila kulitangaza.

Safari ya Kongo

Mwaka 1951 mwongoza filamu John Huston alitaka kutengeneza The African Queen, maana yake Malkia wa Afrika, kutoka kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935. Wengine wangejenga mto wa uongo ndani ya studio. Huston alitaka mto wa kweli, na alikuja kuupata kwetu, Ruiki.

Hepburn alikuwa na miaka 44. Mama yake alikuwa amekufa mwezi wa Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo alipopanda ndege kuja Afrika alikuwa bado na matanga moyoni. Walipita Léopoldville, wakafika Stanleyville, kisha wakaendelea mpaka Biondo, ambako kambi ilijengwa kwa miti, bambu na majani. Mwenzake wa kucheza alikuwa Humphrey Bogart, aliyekuja na bibi yake, Lauren Bacall.

Hadithi ni hii: vita vya 1914 vinaanza. Rose, dada wa mchungaji Mwingereza, anabaki peke yake kisha askari wa Wajerumani kuchoma kijiji na kaka yake kufa. Anakimbia ndani ya mtumbwi wa mashini wa mlevi mmoja, Charlie, na anamushawishi waende kuzamisha manoari ya Wajerumani ziwani.

Kazi ilikuwa ngumu. Mashini ya kupigia picha za rangi ilikuwa nzito, na waliipandisha juu ya vyelezo mtoni. Chombo chenyewe kilizama siku moja, na ilibidi watu wakivute kutoka chini ya maji. Siafu waliingia kambini. Kisha magonjwa yakaanza: malaria na kuharisha. Bogart na Huston walikuwa wanakunywa wiski, na hawakuguswa. Hepburn, ambaye hakupenda ulevi wao, alikunywa maji mengi ili kuwapa mfano. Kumbe yale maji njo yalikuwa machafu! Aliugua vibaya na kukonda sana.

Toka Ruiki walihamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert, na maporomoko ya Murchison. Huko Butiaba walipiga picha ya kanisa, Rose akiwa anapiga kinanda. Pembeni, mahali kamera haioni, waliweka ndoo, kwa sababu Hepburn alikuwa anatapika kati ya picha moja na nyingine. Hakuacha kazi. Huston alikuwa amemupa shauri moja: acheze Rose akifikiria namna Eleanor Roosevelt, bibi ya rais wa Marekani, alivyokuwa anatembelea askari wagonjwa akitabasamu. Hepburn alisema baadaye kwamba shauri hilo lilimufungulia mlango.

Filamu ilitoka mwisho wa 1951. Bogart alipata Oscar. Hepburn alipendekezwa tu, hakushinda. Lakini Rose amebaki kuwa mmoja kati ya watu wake wanaokumbukwa zaidi.

Hadithi yenye mizizi kwetu

Wasomaji wa Kalemie, Uvira na Fizi wajue kwamba kitabu cha Forester hakikutoka hewani. Mwaka 1915 Waingereza walileta vyombo viwili vidogo vya vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini. Vilivutwa katika milima ya Katanga, kwa jasho la Waafrika waliokata barabara na kujenga vilalo, mpaka Lukuga, karibu na Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 walikamata meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916. Waingereza waliiinua, na tangu 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ile Liemba wazazi wetu waliyopanda njo hiyo.

Katika filamu, mzungu mmoja na bibi mmoja wanafanya kazi yote. Waafrika wanaonekana kanisani, wanaonekana wakikimbia moto, halafu wanapotea. Na kule Ruiki, waliokata miti, waliojenga kambi, waliopika, waliovuta chombo kutoka chini ya maji walikuwa watu wa pale. Majina yao hayako mwisho wa filamu. Tena, chini ya sheria za koloni ya Ubelgiji, Mkongo hakuwa na ruhusa ya kuangalia sinema yoyote aliyotaka. Ilibidi kwanza tume ya wakubwa ikubali kwamba inafaa kwa wenyeji.

Miaka 46 kisha hapo, mwaka 1997, njia ya reli kati ya Kisangani na Ubundu ilijulikana tena duniani, safari hii kwa jambo la uchungu. Wakimbizi wa Rwanda waliotoka kwenye kambi za Goma na Bukavu walifika huko kwa miguu, Biaro na Kasese, na wengi walikufa humo.

Oscar nne

Hepburn hakupumzika. Alirudi kwenye jukwaa, akacheza Shakespeare Marekani na Australia. Mwaka 1967 alicheza na Tracy mara ya mwisho, katika Guess Who's Coming to Dinner, filamu juu ya msichana mzungu anayeleta nyumbani mchumba mweusi, munganga, aliyechezwa na Sidney Poitier. Tracy alikuwa mgonjwa sana. Alikufa tarehe 10 Juni 1967, siku 17 tu kisha kumaliza kazi. Siku mbili baadaye, mahakama kuu ya Marekani ilifuta sheria zilizokataza weusi na wazungu kuoana. Hepburn hakuenda kwenye maziko, kwa kuheshimu bibi ya marehemu na watoto.

Filamu hiyo ilimupa Oscar ya pili. Ya tatu ilifuata mara moja, kwa The Lion in Winter, na ya nne kwa On Golden Pond ya mwaka 1981. Oscar nne za mwigizaji mkuu: hakuna mwingine, mwanaume ao mwanamuke, aliyefika hapo. Na hata moja hakwenda kuipokea mwenyewe.

Mwaka 1987 alitoa kitabu kizima juu ya safari yake ya Kongo na Uganda. Alikuwa amecheza filamu nyingi, lakini hiyo peke yake njo aliiandikia kitabu. Alikufa tarehe 29 Juni 2003 nyumbani kwake Connecticut, akiwa na miaka 96. Huko New York, mataa ya tiatre za Broadway yalipunguzwa kwa heshima yake.

Inatuhusu nini?

Hapa Goma kuna wasichana wanaopenda tiatre na filamu. Wengi wanaambiwa kwamba hiyo si kazi ya mtoto wa watu. Maisha ya Hepburn hayasemi kwamba kazi ni rahisi. Yanaonyesha kwamba aliyefukuzwa anaweza kurudi, na kwamba kushika haki za kazi yako mkononi kunaweza kukuokoa kuliko makofi.

Jambo la pili ni la haraka. Bibi huyo aliandika kumbukumbu zake za Biondo, na dunia imezisoma. Watu wa Biondo waliomubebea mizigo hawakuandika. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1951, leo ni mzee wa karibu miaka 90. Kama uko na babu ao bibi kutoka Ubundu, Kisangani ao kando ya Lualaba, muulize anakumbuka nini, umurekodi kwenye telefone, uandike jina lake na la kijiji chake. Fanya hivyo wiki hii. Upande ule wa filamu haujaelezwa bado.