Alikataa mshahara wa dharau: Bose na mawimbi ya paa kwa paa

Ukitoka leo jioni, hebu inua macho uangalie paa za mtaa wenu. Kando ya matangi ya maji utaona visahani vidogo vyeupe vimefungwa kwenye vyuma, kimoja kikitazamana na kingine kule jengo la pili. Hivyo si vya runinga. Mafundi huviita briji, yaani daraja la mawimbi. Intaneti inaingia jengo moja kwa kebo, kisahani kinaitupa hewani, chenzake cha ng'ambo kinaidaka, na ploti nzima inapata mtandao. Hakuna kuchimba mtaro wala kukata lami.

Mimi nimepanda paa kadhaa kufunga vitu hivi tangu niache chuo. Kuna kazi moja nililipwa nusu ya mwenzangu. Tulishika spana zile zile, tukaunguzwa na jua lile lile, ila yeye alikuwa na cheti nami sina. Nikameza mate, nikanyamaza. Ndiyo maana nilipokutana na maisha ya Jagadish Chandra Bose sikuweza kuyaacha. Na hapana, si yule wa spika. Huyo ni Bose mwingine kabisa.

Bose wetu alizaliwa Novemba 30, 1858, huko Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh. Enzi hizo Mwingereza ndiye alikuwa akitawala India. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa afisa wa serikali. Wenye cheo kama chake walikuwa wanakimbiza watoto kwa shule za Kiingereza, lakini mzee huyu alimpeleka wake shule ya Kibengali, akaketi darasani na watoto wa wavuvi na wa watumishi. Alitaka kijana ajue lugha yake na watu wake kwanza, ya wageni yafuate baadaye.

Baadaye alisomea Calcutta, jiji ambalo leo linaitwa Kolkata, kisha mwaka wa 1880 akaabiri meli hadi London kusomea udaktari. Haikuenda poa. Aliugua homa, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikazidi kumuangusha. Akaacha kozi. Ndio, umesoma vizuri, aliacha. Lakini hakurudi nyumbani. Alihamia Cambridge kusomea sayansi, akafundishwa na Lord Rayleigh, mmoja wa magwiji wa fizikia wa wakati huo.

Mwaka wa 1885 alirudi Calcutta na digrii zake, akapewa kazi ya kufundisha fizikia katika Presidency College. Sasa skiza hii. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu za mshahara wa Mzungu kwa kazi hiyo hiyo. Na kwa sababu Bose aliajiriwa kama wa muda, hizo nazo zikakatwa nusu. Ukipiga hesabu, alibakiwa na theluthi moja.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bose hakutusi mtu, wala hakugoma. Kila siku alifika darasani na kufundisha vizuri kabisa. Mshahara ukija, anaukataa. Si mwezi mmoja, si miwili. Miaka mitatu mizima! Na si kwamba nyumbani mambo yalikuwa sawa: baba yake alikuwa amezama kwenye madeni, na mwaka wa 1887 Bose alimwoa Abala. Mwishowe wakubwa walisalimu amri. Alipewa kazi ya kudumu na mshahara kamili, pamoja na malimbikizo ya ile miaka yote mitatu. Pesa hizo zikaenda kulipa madeni ya mzee.

Chuo hakikuwa na maabara ya maana ya utafiti. Bose alijibana kwenye kachumba kadogo, akatumia pesa zake mwenyewe, na vyombo vyake akaunda akisaidiwa na fundi wa bati wa pale pale mjini. Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameshathibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, lakini mawimbi yake yalikuwa marefu na vyombo vyake vikubwa. Bose akawaza: nikiyafupisha, vyombo vyote vitatoshea mezani. Akayafupisha hadi milimita 5. Mawimbi mafupi hivyo unaweza kuyaelekeza kama tochi, na ili kuyakusanya akaunda faneli za chuma ambazo ni babu za antena nyingi za leo.

Mwaka wa 1895 aliwaita watu Town Hall ya Calcutta. Aliyarusha mawimbi yakapita ukutani, yakapita hata mwilini mwa Luteni Gavana wa Bengal aliyekuwa ameketi njiani. Umbali wa mita 23 hivi, kengele ikalia na baruti ikalipuka. Hakuna waya uliounganisha pande hizo mbili. Ilikuwa ishara moja tu ya washa, si sinema za wapangaji arobaini, lakini wazo ni lile lile la kisahani cha paani kwenu.

Januari 1897 alialikwa London, akaonyesha kazi yake mbele ya wanasayansi wa Royal Institution. Miezi hiyo hiyo, Guglielmo Marconi alikuwa Uingereza akitafuta biashara katika mawimbi. Marconi alikuwa na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Bose hakutaka. Aliamini maarifa si ya kufungia kabatini, akaeleza vyombo vyake wazi. Ni marafiki waliomsukuma hadi akaomba hataza moja Marekani mwaka wa 1901, ya kifaa cha kunasa mawimbi kwa kutumia jiwe la galena. Ilitolewa 1904, na haikumfanya tajiri. Mwaka wa 1909, Marconi na Mjerumani Ferdinand Braun waligawana tuzo ya Nobel kwa kazi ya mawasiliano bila waya. Bose hakutajwa.

Wakati huo yeye alikuwa ameshageukia mimea, akipima jinsi inavyokua na inavyoshtuka ikiguswa. Novemba 30, 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua taasisi yake ya utafiti Calcutta, ambayo ipo hadi leo. Alifariki Novemba 23, 1937.

Dunia ilikuwa imekimbilia mawimbi marefu yanayovuka bahari, hivyo ya milimita 5 yakakaa miaka mingi bila kazi kubwa. Lakini piga hesabu: wimbi la milimita 5 ni masafa ya gigahezi 60. Leo kuna briji zinazotumia masafa hayo hayo kuunganisha majengo. Zina kasi ya ajabu, ila hazifiki mbali, maana hewa yenyewe inayameza mawimbi, na mvua kubwa ikinyesha yanalegea. Mwaka wa 2012, IEEE, ambacho ni chama cha wahandisi cha kimataifa, kiliyatambua rasmi majaribio hayo ya Calcutta kuwa hatua kubwa katika historia ya mawasiliano.

Sitakudanganya ukatae mshahara miaka mitatu. Landlord hatakuelewa, na wangu pia. Bose alikuwa na digrii ya Cambridge, mimi na wewe pengine hatuna. Kitu nilichokichukua kwake ni kwamba hakuwapa sababu ya kumdharau. Kazi yake haikuteleza hata siku moja, na bei ya jasho lake aliitaja bila kupepesa macho.

Wiki iliyopita niliitwa kuunganisha majengo mawili. Kabla sijakanyaga ngazi, nilitaja bei yangu, ile ile ya mwenye cheti. Jamaa akanyamaza kidogo, kisha akasema niende nikapande.